Duara Jeupe Kando ya Mlango

Ukitaka habari iliyokwisha kutokea, nunua gazeti. Ukitaka ile ambayo haijatokea na pengine haitatokea, kaa kwenye benchi lililo nje ya duka la Sindano, fundi cherehani. Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, na kila mwenyeji anajua aegemee wapi asije akaanguka na kikombe. Pembeni yupo Shangazi na birika lake la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini jaribu kumwita vinginevyo uone kama utamiminiwa. Yupo Gia, dereva wa malori mstaafu, tajiri wa methali na maskini wa mahali pa kuziweka. Yupo Dalali, anayeuza nyumba za watu kwa mdomo. Na alasiri hiyo Kamera, mpiga picha wa mtaa, alikuwa amepakata kompyuta yake, wenzake wamemzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. Aliyekaribia kuliko wote ni Sindano mwenyewe, futi ya kupimia ingali shingoni.

Picha iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ya nyumba ya mama yake Sindano. Nyumba haipo tena. Barabara inapanuliwa, tingatinga likapita, na kabla ya adhuhuri pakawa uwanja. Mama alikuwa keshahamishiwa chumba cha nyuma ya duka kwa mwanawe, na tangu ahamie, kila akiamka swali lake ni hilo hilo: mnanirudisha nyumbani lini. Sindano humjibu, "Kesho." Mtu mzima na ndevu zake, ameshindwa kumwambia mama yake kuwa nyumba imebomolewa, na jambo hilo linamla ndani kwa ndani. Akapata wazo: ile picha aliyoipigisha kwa Kamera kabla ya tingatinga aichapishe kubwa, aitundike mbele ya kitanda, ndipo amwambie, mama awe na cha kutazama wakati maneno yanamwingia. Juzi akamwonyesha ile picha kwenye simu, kupima upepo. Mama akaikodolea macho, akashika kifua, akauliza, "Mbona inaungua?"

Na ukiitazama, kweli ilionekana kuungua. Jua lilikuwa limejibanza kwenye pembe ya paa, na kutoka hapo mwanga ulimwagika picha nzima kama maziwa, halafu maduara yakashuka kwa mstari, la kijani, la zambarau, la rangi ya moto, mpaka la mwisho, jeupe pe, lililokaa ukutani kando ya mlango.

— Hivi nani alikutuma upige unatazamana na jua? Sindano aliuliza, na hiyo haikuwa mara ya kwanza.

— Dalali, alisema Kamera bila kuinua macho.

— Mimi nilisema jua likae nyuma ya nyumba, Dalali akajitetea. Ndivyo tunavyofanya sisi. Jua likiwa nyuma ya paa, nyumba inavaa taji. Mnunuzi akishaona taji, hakumbuki kuuliza choo kiko wapi.

— Hii ilikuwa ya kuuza?

— Mazoea, ndugu yangu. Ulimi ulishazoea.

— Na wewe Kamera hukuona?

— Jua lile, kaka, kioo cha kamera kilikuwa cheusi tii. Nikapiga za kutosha, zote nimesimama palepale. Nikasema zikiharibika nitarudi kesho.

Na kesho yake ndipo tingatinga lilipopita. Shangazi akammiminia Sindano kahawa bila kuulizwa.

— Mimi sioni kilichoharibika, alisema Gia akiliegemea tofali kwa uangalifu. Haya maduara ni pete. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nyumba imevikwa pete siku yake ya mwisho. Wewe unataka kuivua.

— Gia, chanda ni kidole.

— Na nyumba haina vidole? Nguzo ni nini?

— Ni mwanga tu, Kamera alieleza. Lenzi si kioo kimoja, ni vioo vingi vimepangwa. Jua likiingia moja kwa moja, mwanga mwingine haupiti, unagongagonga humo ndani, huku na huku, ndiyo hayo maduara.

— Kwa hiyo huo mwanga umepotea njia, alisema Shangazi.

— Tuseme hivyo.

— Maskini. Umetoka juani mpaka huku, unakuja kupotelea ndani ya kamera.

Akalitazama lile duara la zambarau kwa huruma ya kweli kabisa. Kamera akakohoa, akaanza kazi.

Kwanza aliuondoa ule ukungu. Alivuta kitufe kwenye kioo polepole, na nyumba ikaanza kutoka kwenye maziwa: mabati, kutu kwenye mabati, ufa uliopita juu ya dirisha, kamba ya kuanikia nguo. Sindano aliliona lile bati ambalo baba yake alilipigilia kinyume, ambalo mvua ikinyesha lilipiga kelele kuliko mengine. Kahawa ilikuwa mkononi lakini hakukumbuka kuinywa.

— Bwana wee, alinong'ona Dalali. Yaani vyote hivyo vilikuwemo?

— Vilikuwemo. Vilifunikwa tu.

Duara la kijani Kamera alilibadilisha rangi mpaka likalingana na ukuta, halafu hukuweza tena kusema lilikuwa wapi. La zambarau vilevile. Lile la rangi ya moto lilikataa, rangi haikulingana, basi akachukua kipande cha ukuta kutoka upande wa kushoto, akakibandika juu yake, akasugua kingo kwa kipanya.

Hapo Sindano akacheka, mara ya kwanza tangu aketi.

— Kumbe kiraka. Unakata pindo, unaziba goti.

— Na jina lake humu ndani ndilo hilo hilo, kiraka.

— Na kingo unazisugua zisionekane. Mimi hapo ningepiga pasi.

Akainamia kioo kama mtu anayekagua mshono wa mwenzake, akitafuta uzi uliochomoza. Hakuuona. Alishona maisha yake yote, na kiraka kisicho na mshono hakuwahi kukiona. Akajikuta ametikisa kichwa kwa heshima.

Ndipo likabaki lile jeupe kando ya mlango.

— Hili lina shida, alisema Kamera. Hapa siwezi kubadilisha rangi, kwa sababu hapa hamna rangi. Mwanga umekula kila kitu. Itabidi niiachie programu ijaze yenyewe.

— Ijaze nini?

— Inachoona kinafaa.

Akazungushia alama pale, akabonyeza. Kioo kikafikiri kidogo, kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, halafu duara jeupe likatoweka. Mahali pake palikuwa na ukuta. Ukuta wenye plasta iliyochakaa kama plasta ya jirani yake, wenye vumbi chini na weupe juu, hata kivuli cha ukingo wa paa kilipita hapo kikanyooka, hakikukatika.

Shangazi aliliweka birika chini.

— Imejuaje? aliuliza.

— Ina akili, alisema Dalali. Mimi nawaambia hizi programu zinauliza juu. Kuna setilaiti huko, imepiga picha kila ukuta wa dunia hii. Imeuliza, ikajibiwa: ukuta wa mama Sindano, huu hapa.

— Setilaiti inaona kando ya mlango? Si inaona paa?

— Jioni inalala ubavu.

Gia alikuwa ameshika tama. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini, si ile yake ya kubishana.

— Sikilizeni. Mimi nimeendesha usiku na mchana, na mwanga naujua. Mwanga haufi. Ukiwasha taa kubwa porini, ule mwanga unaondoka unakwenda zake, unakwenda mpaka leo. Basi na mwanga uliogonga ule ukuta siku ile bado uko njiani. Hii mashine imeufukuzia, ikaushika, ikaurudisha. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Kwa mara ya kwanza methali ilikaribia kukaa mahali pake, na wenzake walimtazama kwa mshangao.

— Sasa kama ni hivyo, Shangazi alisema taratibu, wakipata mashine kubwa kuliko hii, si watarudi nyuma zaidi? Wamwone mama anafungua mlango?

— Watamwona, alisema Gia.

— Na marehemu mzee, juu ya bati na nyundo?

— Huyo naye. Mwanga wake upo mbele zaidi, lakini upo.

— Na nyumba yenyewe ukiitaka, Dalali akamalizia, unabonyeza tu.

Hakuna aliyemcheka. Barabarani pikipiki ilipita, vumbi likatulia juu ya vikombe, na wao walikuwa bado wanakitazama kile kipande cha ukuta kilichotoka kusikojulikana. Sindano anajua kusoma, na aliwahi kumkataza mkewe kwenda kwa mganga, lakini niseme ukweli, dakika ile aliamini. Aliamini kwamba nyumba imo ndani ya hicho kitu mapajani mwa Kamera, nzima, na haijabomolewa, na kwamba akimwambia mama "kesho" hatakuwa amedanganya.

— Chapisha, alimwambia Kamera. Kubwa. Ienee ukuta mzima.

Wakati huo akaja mwalimu. Ni mgeni mtaani, alikuwa amehamia nyumba ya kona mwezi ule, na sketi aliyoleta kupunguzwa kiuno ilikuwa tayari. Aliwaamkia wazee, wakamwitikia, na kwa kuwa hakuna aliyesogea kumpisha mlangoni, naye akachungulia.

— Nyumba nzuri, alisema. Ya nani?

— Ya mama yangu, alisema Sindano. Ilikuwa na mwanga mbaya hapa, umefutwa.

— Hapa kando ya mlango?

— Hapo hapo. Huwezi kujua, eti?

— Siwezi kabisa. Mwalimu alisogeza uso, akapendezwa. Na chini ya ule mwanga palikuwa na nini?

— Ukuta, alisema Dalali. Si unauona?

— Naona uliowekwa. Nauliza uliokuwepo.

Kamera aliinua mikono kutoka kwenye kipanya.

— Mimi nilifika siku ile moja tu, alisema. Na jua lilikuwa machoni. Programu haijui palikuwa na nini, dada. Imechungulia pembeni, imekisia.

— Palikuwa na dirisha dogo, alisema Gia.

— Dirisha lilikuwa upande wa pili, alisema Shangazi. Hapo palikuwa na msumari, wa taa.

— Taa ilikuwa ndani. Hapo palikuwa pametoka plasta, nilitaka kuwaambia wapake.

— Wewe Dalali uliingia lini kwa mama Sindano?

— Nilipita nje. Nimepita miaka.

— Sote tumepita miaka, alisema Shangazi, na wote wakageuka kumtazama Sindano.

Sindano alizaliwa kwenye nyumba hiyo. Alijifunza kutembea ameshikilia ukuta huo huo. Alifumba macho, akaupanda ule ukuta kwa akili kuanzia chini: palikuwa na ngazi, moja imemeguka, palikuwa na mlango, rangi ya samawati ikiwa imebanduka pale ambapo wote walisukuma kwa mkono, halafu mkono wa kulia wa mlango, na hapo, kila alipofika, palikuwa peupe. Alijaribu kuingia akitoka shule, alijaribu kutoka siku ya harusi yake. Peupe. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya mtoto aliyeachia mkono wa mama yake sokoni.

— Sijui, alisema.

Mwalimu akaona haya.

— Samahani, kaka. Nimeuliza tu.

— Hapana, dada, umeuliza vizuri. Nipe hiyo mashine, Kamera. Rudisha kwanza kama ilivyokuwa hapo.

— Ule mwanga? Wote?

— Hapo tu.

Kamera akairudisha kazi nyuma hatua moja, na duara jeupe likakaa tena kando ya mlango, peke yake, kwenye nyumba iliyokwisha kusafishwa. Sindano akaichukua kompyuta kwa mikono miwili, akaingia dukani, akapita kati ya cherehani na rundo la sare za shule, akafungua mlango wa nyuma.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mtandio magotini, kama anayesubiri kuitwa safari.

— Umekuja kunichukua?

Lile neno "kesho" lilikuwa tayari ulimini. Sindano akapiga magoti pale sakafuni, akaiweka ile picha mbele yake.

— Mama, nyumba imebomolewa. Nilikuficha. Imebaki hii picha, na hapa kando ya mlango, upande wa kulia, mwanga umepafuta. Nimejaribu kukumbuka palikuwa na nini, nimeshindwa.

Machozi yalimtoka mama mawili matatu, akayaacha yashuke hivyo hivyo. Aliitazama picha kwa muda, kamba ya nguo, mabati, ufa wa juu ya dirisha. Huku nje benchi zima lilikuwa limekaza masikio na hakuna aliyegusa kahawa. Halafu mama akapapasa chini ya mto, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, na kidole chake kikasimama juu ya lile duara bila kuligusa, kama mtu aliyesimama mlangoni mwake.

— Kulia upande gani, mwanangu? alisema. Ukiwa unaingia, au ukiwa unatoka?