Ellis Hargreaves na Mbao Ambazo Hakuzifungua

Ndugu waombolezaji, majirani wa Colne, waumini wenzetu wa kanisa hili na wanachama wa klabu ya walenga shabaha, familia imekubaliana kwamba maisha ya mzee wetu yasomwe kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo wengi wenu mmekuwa mkiisemea pembeni kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa sababu aliyemo ndani ya jeneza hili hakupenda kitu kilichopakwa rangi ili kionekane kingine.

Marehemu Ellis Hargreaves alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 hapa hapa Colne, katika kaunti ya Lancashire, akiwa mtoto wa pili wa Albert na Nellie, wafumaji wa pamba. Alisoma shule ya karibu na nyumbani hadi mwaka 1951, na katika miaka hiyo alijiunga na kikosi cha wanafunzi waliofundishwa gwaride, wakipewa zile bunduki kuukuu za jeshi zilizozungushiwa mikanda ya rangi nyeupe kwenye mbao zinazoshika mtutu, ishara kwamba hazifai tena kupigwa risasi, ni za kubeba begani na kusimama nazo tu. Alizipenda mno, na mama yake alilalamika kwamba mwanawe anajua kupangusa bunduki ya serikali lakini viatu vyake mwenyewe vimemshinda.

Alipomaliza shule aliajiriwa kiwandani kama fundi wa mashine za kufuma, na kuanzia mwaka 1954 hadi 1956 alitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, akiwa karakana ya silaha huko Catterick, ambako kazi yake kubwa ilikuwa kuzikagua bunduki zilizochoka, kuzigonga muhuri wa herufi D na P, yaani za gwaride tu, kuzitoboa mtutu ubavuni na kuzipaka ule mkanda mweupe. Tunalitaja hili makusudi, maana hakuna mtu katika wilaya hii aliyejua alama zile kumshinda yeye, na ndiyo maana jambo lililokuja baadaye lilimuuma namna ile.

Tarehe 10 Septemba 1960 alifunga ndoa na Muriel Sagar katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Hilary mwaka 1962 na Keith mwaka 1965. Kaka yake Muriel, Edwin, ndiye aliyesimama kando ya bwana harusi, na toka siku hiyo mashemeji hao wawili hawakuachana, Jumamosi wako kwenye shabaha, Jumapili wako mezani kwa Muriel wakigombea kipande cha mwisho cha pai ya nyama na viazi. Viwanda vilipoanza kufungwa, Ellis alipata leseni akafungua karakana ndogo ya kutengeneza na kuuza bunduki za kale, na ikafika mahali watu wakawa hawanunui kitu mnadani mpaka Ellis akiguse na kukitolea kauli.

Tarehe 20 Mei 1978 Ellis na Edwin walikwenda kwenye mnada wa mali za mkulima mmoja aliyefariki upande wa Gisburn, uliofanyika ndani ya banda la ng'ombe lililopakwa chokaa, na hapo ilikuwepo bunduki moja ya jeshi, ya zamani, mbao zake nyekundu zisizo na mkwaruzo. Ellis aliigeuza huku na huku, akatazama namba za mtutu na za komeo la nyuma, zikalingana, akatazama alama za kale za kuthibitisha kwamba ilijaribiwa kwa risasi, zikawepo, na Edwin akamtania mbele ya watu, "Shemeji, unaikagua au unaiposa?" Chini ya pete ya chuma ya mbele, inayobana mbao na mtutu, Ellis aliona mstari mwembamba mweupe, akausugua kwa kidole, akasema, "Chokaa ya banda hii," kisha akaiweka chini.

Kilichobaki kilikuwa kufungua skrubu na kuvua mbao za mbele ili kutazama chini ya mtutu, lakini wote mlio wanachama wa klabu mnajua desturi yetu, kwamba bunduki ambayo mbao zake zimekaa vizuri na chuma chake haivuliwi, kwa sababu ukishaivua hailengi tena kama mwanzo, na fundi anayevua mbao hovyo anachekwa. Ellis hakuvua. Edwin aliinunua kwa kauli ya Ellis, na tarehe 17 Juni 1978, kwenye uwanja wa shabaha wa mlimani, bunduki ile ilipasuka mikononi mwake kwa risasi ya tatu, ikamng'oa jicho la kulia na vidole viwili. Mbao zilipookotwa, herufi D na P zilikuwa chini ya mtutu, na karibu nazo tundu lililozibwa na kulainishwa kwa tupa na mtu ambaye hajajulikana mpaka leo.

Ellis alikwenda hospitali siku hiyo hiyo akapiga magoti mbele ya wagonjwa na wauguzi, akaomba msamaha, Edwin akageuza uso. Hakuna aliyemshtaki Ellis, lakini yeye mwenyewe alirudisha leseni yake na kufunga karakana. Edwin alihamia Morecambe, na mwaka 1991 kwenye mazishi ya mama yao Muriel na Edwin, Ellis na Edwin walisimama pande mbili za kaburi. Muriel hakumtamkia mumewe neno la lawama, ila alihamishia kitanda chake chumba cha nyuma, akabaki huko, naye mwenyewe ametuomba tuliseme hilo.

Kwa miaka yote iliyofuata Ellis alikwenda kila mnada, hanunui kitu, akiwashika wanunuzi mikono na kuwaambia, "Fungua mbao, kijana, usinitazame mimi, tazama chini ya mtutu." Madalali walimchoka, vijana wakambatiza Babu Fungua-Mbao, na wakati mmoja alitolewa nje kwenye mvua, lakini bunduki nne za gwaride zilizosafishwa rangi zilikamatwa kwa ubishi wake. Sisi nyumbani tuliona aibu badala ya kujivunia, na hilo linatuuma.

Mapafu yake yalianza kumsumbua Oktoba 2010, akalazwa Burnley mwezi Januari. Tarehe 8 Februari 2011 Edwin aliingia wodini bila kuitwa, Muriel akiwa ameketi pale, akasema akiwa amesimama, "Ellis, ile rangi niliiona kabla yako. Ulipokuwa unaongea na dalali niliikwangua kwa kucha, ikatoka ngumu. Nilijua si chokaa. Niliitaka ile bunduki, na nilijua ukiiona vizuri utaikataa." Ellis akamuuliza kwa nini hakusema, naye akajibu, "Uliniwahi na magoti yako. Siku ile nilishindwa, na kesho yake ikawa ngumu zaidi."

Muriel alimwambia kaka yake, "Umenifanya nimnyime mume wangu neno jema mpaka tumeota mvi," kisha akalia. Ellis alitafuta pumzi, halafu akasema, "Kufungua mbao ilikuwa kazi yangu, si yako. Sasa nenda, Edwin, nimechoka." Hakusema zaidi, na alfajiri ya tarehe 11 Februari alifariki, Muriel akiwa amemshika mkono. Hilary anaamini yale yalikuwa maneno ya msamaha, Keith anaamini baba alikufa na hasira, na sisi hatuna namna ya kumuuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Burnley, majirani walioleta makaa na supu, wenzake wa kiwandani waliobaki, wanachama wa klabu, na kina mama wa kanisa ambao wameandaa chai na mikate ya nyama ukumbini, mkaribie wote.

Edwin Sagar yuko hapa, kiti cha nyuma kabisa, na amesema hastahili kubeba jeneza. Muriel anamjibu mbele yenu kwamba aje ashike mbele, na kwa kuwa upande wa kulia haoni, dada yake atatembea upande huo hadi makaburini.

Ellis, ulale kwa amani.