Hotuba ya Bama

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha karibu miaka miwili, na benchi la Evaresta pale Kikatiti lilikuwa halikauki watu. Lilikaa kwenye baraza la duka la nguo, likitazama barabara ya Arusha na Moshi, na kila lori lilipopita watu walifunika vikombe kwa viganja bila kukatiza maneno. Evaresta, mama wa Kichaga kutoka Kilema, aliuza kahawa. Wameru wengi walioilima kule mlimani waliionja mara ya kwanza kwake. Wateja wake wa kila siku walikuwa watatu. Anaeli, aliyewahi kumpikia Mzungu mmoja, aliitwa Gavana kwa kupenda kutoa amri. Reginald, mchuuzi wa vitambaa, aliitwa Gazeti, ingawa habari zake hazikuwa zimechapwa popote. Wa tatu ni Sadoki, aliyerudi kutoka vitani Burma, kule walikopigana na Wajapani, naye wakamwita Bama. Jina hilo hakulipenda, ila hakuwahi kusema.

Ijumaa hiyo habari ilikuwa moja. Kijijini kwa wanaume hao, mlimani Meru, vijana walikuwa wamekata tamaa. Wengine walikwenda mkongeni Tanga wakapotelea huko, waliobaki walishinda kwenye pombe ya ndizi. Gavana akabuni wakusanywe Jumapili baada ya ibada, uwanjani kwa kanisa, wapewe hotuba ya kuwatia moyo. Mchungaji akakubali. Msemaji akachaguliwa Sadoki, kwa kuwa vijana kadhaa wa kijiji walikwenda Bama na aliyerudi ni yeye tu. Sadoki aliitikia harakaharaka, kabla hajafikiri atasema nini.

— Utaanza na yule jenerali wa Kijapani, Gavana aliamuru. Ulivyomkamata mguu akipanda mti.

— Sikumkamata jenerali yeyote, Sadoki alisema.

— Basi koplo. Lakini mguu uwepo.

— Unamharibia, Gazeti alidakia. Vijana wa siku hizi mguu hauwatoshi. Aseme alivyopewa mkono na Mfalme.

— Mfalme gani? Mimi nilimwona daktari wa meno tu.

— Wewe sema! Nani atakwenda Ulaya kuuliza?

Evaresta alicheka hadi akamwaga kahawa.

— Msicheke, Gazeti alisema. Kule Machame alikuja msemaji mmoja, hotuba yake ikawaingia vijana mpaka kwenye mifupa. Walitoka pale wakashika majembe, wakapanda kahawa bila kupumzika. Kuja kushtuka, wamepanda hadi shamba la mchungaji.

— Sasa kahawa ikawa ya nani? Evaresta aliuliza.

— Ndiyo kesi iko barazani mpaka leo.

— Hiyo ndogo, Gavana alisema. Hotuba ya Bama ikikolea, Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, atasikia kule Arusha. Akisikia yeye, Dasalama wamesikia. Watajenga shule kubwa hapa hapa. Shule inataka madawati, madawati yanataka mbao, mbao zinataka reli. Treni itapinda ije Kikatiti!

— Ipite wapi? Hapa kwenye birika langu?

— Utahamishwa, mama. Maendeleo hayo.

Sadoki alicheka nao, kisha akaweka kikombe chini. Alichorudi nacho kutoka Bama kilikuwa matope, mbu na harufu ya turubai lililolowa. Hakuona ni kijana gani angeinuka kwa hayo.

— Mtafuteni mwalimu, alisema. Yeye ana maneno.

— Mwalimu mwisho wake Moshi, Gavana alijibu. Wewe umevuka bahari.

Hapo akatokea Hanna, mama mtu mzima, ameshuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani. Mwanawe Aminiel alikwenda vitani pamoja na Sadoki, hakurudi. Wanaume wote watatu wakasimama.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Sikai. Nasikia Jumapili kuna maneno ya vita.

— Ndiyo mama, Gavana alisema. Tutakukalisha mbele kabisa. Vijana watasikia Aminiel alivyokuwa simba, alivyopanda kile kilima peke yake...

— Alikuwa peke yake?

Gavana akavua kofia.

— Nauliza tu, Hanna alisema. Serikali iliniambia kafia vitani. Watu wananiambia kafa kishujaa. Alipokufa, alikuwa na mtu?

Gavana alimtazama Gazeti. Gazeti alitazama barabara.

Siku aliyorudi, Sadoki alishika njia ya kwenda kwa Hanna, wazee wakamrudisha: mama wa watu ndiyo kwanza ametulia, usimchokonoe. Akatii. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza.

— Alikuwa na mimi, mama.

Hanna aliushusha mkungu polepole.

— Hakukuwa na kilima, Sadoki aliendelea. Tulikuwa hemani, tumbo la kuhara limemshika. Mvua haikatiki. Nilimlaza kichwa pajani kwangu, maana chini kulijaa maji. Alisema Kimeru tu; hata daktari Mzungu alipomuuliza, Aminiel alimjibu kwa Kimeru. Akaniuliza kama migomba ya nyuma ya nyumba bado ipo.

— Ile ya karibu na mfereji?

— Hiyo hiyo. Nikamwambia ipo. Akatabasamu, akalala. Hakuamka.

Hanna akakaa, katikati ya Gavana na Gazeti, akalia bila sauti. Lori lilipita, safari hii hakuna aliyefunika kikombe. Alipomaliza, alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

— Jumapili sema hayo.

— Mama, hayo hayawezi kumtia mtu moyo.

— Mimi yamenitia.

Jumapili uwanja ulijaa. Sadoki alisimama mbele yao. Hakumtaja jenerali wala Mfalme. Alisema habari za hema, na mvua, na rafiki yake aliyeuliza habari za nyumbani. Vijana waliokuwa wameegemea ua wa kanisa walisogea karibu, mmoja mmoja, ili wasikie. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi; Gavana, aliyejipangia kuyaongoza, alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

Ndipo akainuka mama mwingine, nyuma kabisa.

— Na Lemburis wangu, je? Ulimwona?

— Nilimwona, mama, Sadoki alisema. Njoo karibu.

Vijana wakampisha njia.