Mama Kabula na Roshani ya Makanyagio

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Bi. Kabula Machibya, fundi sanifu wa ofisi yetu ya ujenzi hapa Mpanda, anastaafu. Jamani, nani atatugombeza sasa?

Alianza kwa kuchora ramani, akaishia kutufundisha sote mizigo miwili ya jengo. Mzigo mfu, husema, ni jengo lenyewe: kuta, mbao, bati, leo upo na kesho upo. Mzigo hai ni wakwe: hujui watakuja wangapi, na wakifika wanacheza.

Mwaka 1993 alichora ukumbi wa Makanyagio, wenye roshani ya mbao za mninga. Fundi Uwesu aliharakisha kuujenga, maana harusi ya binti yake Zuleha ndiyo ingeufungua Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo, ili kuipima, akaijaza roshani magunia ya mahindi. Hata ubao mmoja haukulia! Tukapiga makofi. Mama Kabula akasema magunia hayachezi. Akaagiza yashushwe, nguzo za muda zisimikwe chini ya roshani kwa kuacha upenyo mdogo, ziidake ikishuka, halafu wacheza ngoma wa Kakese wapande. Walipokanyaga kwa pamoja, roshani ikashuka, ikakalia zile nguzo. Lo! Vumbi, mayowe, Uwesu kashika kichwa.

Mama akasema palepale kwamba kosa ni lake: alikadiria watu waliokaa kwenye mabenchi. Msukuma, Mpimbwe, Mkonongo, nani hukaa harusini? Akafunga ukumbi. Uwesu akalia kwamba ameaibishwa mbele ya wakwe. Mama akamwahidi kuwa harusi itafanyika na roshani itachezewa, kisha akavua viatu, akashika msumeno.

Nguzo za kudumu zilipakwa rangi Jumamosi asubuhi, na mashangazi wa bwana harusi walirudi kwao Kibaoni na rangi nyeupe migongoni. Roshani iliwabeba wote, na vishindo vyao.

Sisi tulicheza huko juu mpaka tukachoka. Yeye alisimama chini ya roshani, pilau imepoa mkononi, macho juu, hadi ngoma ikaisha. Kila sherehe tangu hapo amekuwa palepale. Hajawahi kucheza nasi hata mara moja.

Sherehe ya kumuaga inafanyika humohumo. Kamati imeamua, na hakuna rufaa: Mama anapanda kucheza. Mzee Uwesu mwenyewe amejitolea kusimama chini na kuangalia juu badala yake.

Asante sana, Mama yetu. Uishi kwa raha na afya, na leo ukanyage kwa nguvu.