Nusu ya Bibi Kipimo

Sogeeni wanangu, kaeni hapa hapa kitandani, na wewe mwanasheria toa hiyo simu sikioni, waambie hao wanaotaka kuinunua kampuni kwamba baba yako yuko katika kukata roho na ana neno kabla ya kalamu zao. Muuguzi nimemtuma dukani makusudi. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kubana matumizi, kwa hiyo mtu asinikatize, hata nikisema jambo la kuwatia hasira.

Naanza na mali kwa sababu najua masikio yenu yako huko, na siwalaumu. Nyumba hii ni ya binti yangu mkubwa, aliyeniogesha miezi minane bila kukunja uso. Gari na kiwanja cha nyuma ni vya mwanasheria. Kitinda mimba wangu, karakana na vifaa vyote vya pampu ni vyako, na ule ugomvi wako na dada yako juu ya nani akae na funguo uishe leo, maana mmenuniana mwaka mzima kwa ajili ya chumba chenye panya. Vinabaki vibanda ishirini na vitatu vya maji, pamoja na matangi na jina la kampuni. Hivyo mnadhani ni vyangu vyote. Nusu si yangu, na haijawahi kuwa yangu.

Bibi Kipimo mnamkumbuka. Mlimwita shangazi ingawa hatukuwa na udugu wowote, na wewe mkubwa ulikuwa ukisinzia mapajani mwake mchana kutwa, mpaka siku nilipopiga marufuku jina lake lisitajwe humu ndani. Leo ninalitaja mwenyewe.

Nilipoingia mtaa ule na pampu yangu nilikuwa kijana wa kujisikia. Nimejenga kibanda kizuri, nimekipaka rangi, nimekodi mtu wa kipaza sauti, na wiki mbili nzima hakuja mtu. Watu wananipita na madumu yao wanakwenda kuchota kwenye kisima cha mtaroni, mimi nimebaki nafoka kwamba masikini hawajui linalowafaa. Bibi Kipimo alikuwa dobi, tena mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Akapindua ndoo, akaniambia niketi. Akasema, "Bwana Pampu, maji yako tumeyaona, yanang'aa. Ila wewe jioni unarudi kwenu, na unachokunywa huko hatukijui. Basi kunywa hapa, mbele yetu, kila siku, na mmoja wetu anywe nawe. Tukiona hujafa, tutanunua." Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikanywa.

Ndivyo tulivyoanza. Wao walitoa kiwanja chao na mikono yao, na mimi nikatoa tangi na pampu, nusu kwa nusu, ikaandikwa. Yeye ndiye aliyepima dawa ya maji kwa kijiko chake kilichokatwa mpini, hakuongeza wala kupunguza, ndipo wakambandika jina. Na kila asubuhi kabla bomba halijafunguliwa, mimi na yeye tulikunywa kikombe kimoja kimoja mbele ya foleni, halafu anageuza chake juu chini watu waone kimekauka. Wanangu, sijawahi kuheshimiwa mahali popote kama nilivyoheshimiwa pale.

Nipandishieni mto. Hapo, hapo panatosha.

Mwaka wa sita nikataka kukua haraka. Wafadhili walikuwa wakija kutuona, na nilikuwa nimewaahidi vibanda vitano vipya. Nikapata dawa ya bei ya kutupa kwa mtu mmoja wa stoo, mapipa yamekwanguliwa tarehe. Pipa moja halikukwanguliwa vizuri. Niliisoma ile tarehe, wanangu. Ilikuwa imepita miaka mitatu. Bibi Kipimo alipolifungua akaniambia, "Bwana Pampu, mbona hii hainuki? Ya zamani ilikuwa inawasha pua." Nikamwambia ni aina mpya, apime kama kawaida. Akapima kama kawaida.

Asubuhi ya wageni tukasimama mbele ya foleni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mtaro umefurika. Yeye akanywa, akageuza kikombe chake. Mimi nikaweka changu mdomoni, nikachezesha koo, watu walipogeuka kutazama gari la wageni nikamwaga nyuma yangu. Bomba likafunguliwa.

Walikufa kumi na wawili, wengi wao watoto. Binti yake, yule aliyekuwa akijaza madumu huku anaimba, alikuwa wa tatu. Yeye mwenyewe aliugua, akapona vibaya, mguu mmoja haukurudi sawasawa. Bwana afya alipokuja kuuliza, mapipa nilikuwa nimeshayachoma, na kwenye daftari la dawa nilikuwa nimechana kurasa za wiki ile. Nikamwambia dawa ilikuwepo, mpimaji ni yeye. Sikuongeza neno. Halikuhitajika. Mtaa wake mwenyewe ulimng'olea mabati mchana kweupe, watu aliowafulia nguo na kuwazalishia wake zao. Kikundi kikavunjika, nusu yao nikaichukua kwa pesa ya kufutia machozi, na kwa nusu hiyo ninyi mmesoma.

Nilikwenda kumwona siku ya kuondoka kwake, nikijitia huruma. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Bwana Pampu, mbona wewe hukuugua?" Nikamwambia, "Ni Mungu tu." Akanitazama, akaendelea kufunga godoro lake. Alijua. Miaka thelathini na moja namwona ananitazama vile.

Mama yenu naye alijua. Ndiyo maana alichemsha maji ya kampuni yetu mpaka anaingia kaburini, na ninyi mkawa mnamtania.

Usilie, binti yangu, nisikilize kwanza, sauti inaniishia. Wakili alikuja jana mkiwa kazini. Nimetia dole gumba mbele ya mashahidi wawili, nusu ya kampuni irudi kwa Bibi Kipimo na kwa waliobaki wa kikundi, au watoto wao. Mwanasheria, najua una akili ya kuvunja karatasi ile. Usiivunje. Usiuze kitu chochote kabla hawajaketi mezani na kusema wanataka nini. Ninaona unavyobana taya. Mimi pia nilibana taya hivyo hivyo pale kwa bwana afya.

Yuko hai. Anauza mkaa nyuma ya stendi ya zamani. Nendeni wote watatu, mchana. Msimwambie chumbani kwake, huko ni kumnong'oneza. Mrudisheni mtaa ule ule kwa heshima, watu waitwe, kitinda mimba atafute kipaza sauti, na mkubwa aseme yote, tarehe ya pipa, kurasa nilizochana, kikombe nilichomwaga. Watawatemea mate. Vumilieni. Na mtakaporudi...

Subirini. Subirini kidogo.

Msimwombe anisamehe. Ameshanifanyia kazi ya kutosha. Akiwafukuza, ondokeni, mwachieni karatasi zake. Akisema neno juu yangu, msiniletee.

Mungu awape riziki isiyomliza mtu. Awape watoto watakaowauliza maswali, nanyi muwajibu. Mpendane ninyi watatu, maana baada ya siku hiyo mtaani hamtakuwa na rafiki mwingine. Karakana... funguo mkae nazo wote.

Njooni karibu. Karibu zaidi, siwaoni. Nishikeni mkono sasa, kabla hamjatoka, mniite baba, mara moja tu. Mkirudi kutoka kule sijui mtaniita nani.