Mzee Futi na Njia Thelathini na Mbili za Kupanda Bila Kusukumwa

Ndugu, jamaa na marafiki, familia inawaomba mtulie kidogo msikilize safari ya miaka sitini na sita ya baba, mume, kaka na fundi ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Futi, kwa kuwa futikamba haikutoka mfukoni mwake hata siku za sikukuu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, mtoto wa tatu kati ya saba wa mpiga chapa na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akaingia chuo cha ufundi alikohitimu uashi mwezi Novemba 1975, na kwa miaka kumi na minane iliyofuata akajenga nyumba, maduka, na hata ukuta wa makaburi haya mnaouona nyuma yenu.

Mwaka 1993 zahanati ya mtaa, shule ya jirani na shirika la hisani la madaktari wastaafu walianzisha ushirikiano wa kuwapatia wenye ulemavu matibabu, masomo, na njia ya kuvifikia vyote viwili, naye akakabidhiwa ujenzi. Njia yake ya kwanza ya mteremko, mlangoni pa zahanati, aliifupisha ili isimeze bustani ya maua iliyopandwa kwa ajili ya wageni, na siku ya uzinduzi, Ijumaa tarehe 4 Machi 1994, fundi cherehani mmoja mwenye kiti cha magurudumu aliipanda nusu, akarudi kinyumenyume hadi miguuni pa wafadhili, akamwuliza mjenzi mbele ya wote, "Fundi, hii umetujengea sisi au mbuzi?" Watu walicheka, marehemu hakucheka, kesho yake asubuhi alifika na nyundo na tindo, akaivunja yote, akang'oa maua, akaijenga upya kwa siku tisa, futi kumi na mbili za urefu kwa kila futi moja ya kimo, na tangu hapo akajiwekea sharti ambalo hakulilegeza kamwe, kwamba hakuna njia itakayokabidhiwa kabla yeye mwenyewe hajakaa kitini na kuipanda bila kusukumwa, na kabla fundi cherehani yule hajaipanda baada yake, kisha wote wawili watie sahihi hati ya makabidhiano.

Tarehe 20 Julai 1996 marehemu na fundi cherehani yule walifunga ndoa, na mama amezoea kusema kuwa aliolewa ili mkaguzi asidai nauli. Walijaliwa watoto wawili, muuguzi na mwalimu wa viziwi, na wajukuu watatu.

Kisukari kilibainika mwaka 2011, na tarehe 6 Februari 2022 alikatwa mguu wa kulia, akarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, akiwatania madaktari kwamba sasa amepandishwa cheo, amekuwa mkaguzi wa kudumu. Tarehe 27 Mei mwaka huu alikwenda kuikagua njia ya thelathini na mbili, ya maabara ya sekondari, akakwama kwenye kona, na mafundi walipomsihi, "Mzee, ni inchi mbili tu, tutakuwa tunawasukuma," akawajibu, "Leo mpo, kesho je?" akaamuru ivunjwe. Hakuiona ikikamilika, kwani tarehe 2 Juni alilazwa kwa maradhi ya figo, akawa kila asubuhi anamwuliza mkewe habari za kona kabla ya habari za vipimo vyake, hadi alipofariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta maji, viti na mabega yao, wenzake wa ushirikiano, na kwa namna ya pekee mafundi, walioendelea na kazi huku wakilia. Jana, Ijumaa tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri, mama aliipanda njia ile peke yake, akaipita kona bila kugusa ukuta, akashuka, akapanda mara ya pili kwa niaba ya mumewe, akatia sahihi mbili.

Mzee Futi, kona imepitika. Weka futikamba chini sasa, upumzike kwa amani.