Mzee Bujiku, Aliyewashindanisha Wajapani

Mnamo tarehe 30 Juni, Afisa Utamaduni wetu, Mzee Bujiku Jilala, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuomba fungu la ngoma na kujibiwa kwamba limeishia kwenye chai ya vikao.

Alianza kazi Tinde akiwa na baiskeli na filimbi. Alipohamishiwa Kahama baiskeli ilikuwa imeshakufa, filimbi akaja nayo. Kwa filimbi hiyo amesimamia mashindano ya ngoma, mbio za mwenge na misiba miwili ambayo hakuna aliyemwomba aisimamie.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa onyesho la hisani la mwaka jana, pale Nyahanga. Wageni kutoka Japani walijitolea kucheza ili zahanati ipate vitanda vya wajawazito, kwani kinamama walikuwa wakijifungulia kwenye mikeka. Walikuwepo kinamama watatu wa ngoma ya jadi, wamevaa kimono na kushika feni za karatasi. Alikuwepo pia kijana wa ngoma ya kisasa kupita kiasi, ambaye alijipaka unga mwili mzima, akajilaza chini na kuanza kufumbua kiganja polepole kama mgonjwa anayeomba maji. Viongozi wa mstari wa mbele walitikisa vichwa kwa hekima kubwa. Hakuna aliyeelewa kitu.

Ratiba ilisema wacheze kwa zamu. Mzee Bujiku, mtoto wa Kisukuma, anajua ngoma moja tu: makundi mawili, pande mbili, wakati mmoja, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Akawaweka wageni huku na huku, akapuliza filimbi. Mkurugenzi alimnong'oneza kwamba pensheni yake ataisikia redioni.

Watu wote walikimbilia feni. Kijana wa unga akabaki na mbwa. Ndipo Mama Mbuke, muuza dagaa, akapaza sauti: "Yule hatikisiki wala haoni aibu! Ana samba kali huyo, twendeni!" Samba ni dawa ya kuvuta watazamaji, na asiyeijua asiombe kazi ya utamaduni huku kwetu. Uwanja mzima ukahama, wakubwa wakabaki wanatazama nyasi.

Theonest, mnunuzi wa dhahabu kutoka Nyarugusu, hakukubali feni zishindwe. Akaahidi vitanda viwili. Hasimu wake Sabiti akajibu kwa vitatu, upande wa unga. Wakakomoana hivyo hadi zahanati ikakosa pa kuviweka.

Jumatatu yake taarifa ya ofisi ilisifu "ubunifu wa uongozi", na pensheni haikutajwa tena. Wodini likatundikwa bango lenye majina saba ya wakubwa. La Bujiku halimo. Tuliambiwa nafasi iliisha. Leo tunampa saa ya ukutani bila haya yoyote.

Ahsante, Mzee wetu, kwa kutuaibisha kwa faida. Tunakuombea afya, mvua shambani na wajukuu watiifu. Mkunga Zipora anakusalimu. Anasema wazazi hawasomi bango, wanamuuliza yeye nani kawatoa kwenye mkeka. Mpaka sasa wodi ile imeshatoa akina Bujiku wanne, na haijatoa Mkurugenzi hata mmoja.