Petunia Alizozipogoa Mama Yenu Mdogo

Sogeeni wanangu, nisikilizeni pumzi ingalipo, na wewe kifungua mimba wangu weka hilo rungu chini kwanza, maana najua mama yenu mdogo yuko getini tangu asubuhi, na najua umeapa akikanyaga ndani utamvunja miguu.

Bustani hii ya miche nawaachia ninyi, na roho yake ni haya maua ya petunia, kwa hiyo kiangazi kikiwaka msizifanyie mzaha. Zimwagilieni alfajiri, kwenye udongo wala si kwenye majani, mpaka maji yatokee tundu la chini ya chungu. Mchana mkiona majani yamelegea, tieni kidole udongoni. Mkikuta unyevu ziacheni, ni joto tu hilo, jioni zitainuka zenyewe, na atakayezimwagia tena ataozesha mizizi. Jua la asubuhi ni chakula chao, la alasiri ni kipigo, basi zisogezeni kivulini. Ua likinyauka likwanyueni pamoja na kikonyo chake, maana likiachwa litafunga mbegu, na mmea utadhani kazi imekwisha.

Na zikirefuka zikawa vijiti vitupu vyenye maua nchani, zikateni nusu. Ndiyo, nusu, hata kama zimechanua, kisha zipeni maji na mbolea. Hilo mimi sikulijua. Alilijua mdogo wangu, huyo aliye getini.

Mwaka ule wa joto kali nilikuwa na oda ya hoteli, vyungu mia mbili, nikasafiri siku mbili kufuata udongo, nikamwachia yeye bustani. Niliporudi nikakuta kazipogoa zote, vyungu vimebaki na upara, naye amesimama katikati na mkasi, anacheka, akaniambia, "Dada, usiwe na haraka, subiri wiki tatu uone." Sikusubiri hata aweke mkasi chini. Nilinyakua chungu nikamtupia usoni, kikapasuka, kigae kikamwingia jichoni, akaanguka. Na alipoanguka, wanangu, ndipo nilipomkalia kifuani nikampiga kwa mpira wa maji, upande wenye chuma, mbavuni, kichwani, kwenye mikono aliyojikingia, huku namwita mchawi, mpaka fundi viatu jirani yetu akavunja uzio wa mabati kuja kunitoa. Nilisikia utamu. Anayekufa hana wa kumwonea haya, basi nawaambia: nilisikia utamu.

Siku ya ishirini petunia zilichanua hata chungu hakionekani kwa maua, naye yuko hospitali, jicho limeshatolewa. Hoteli wakachukua maua yao, wakausifu mkono wangu, nikasema asante. Ninyi mlipokua mkauliza, nikawaambia aliniharibia maua kwa husuda, na jicho alilipoteza kwa kuanguka. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka ameota mvi. Na mtoto wa nyoka ni nyoka: uongo wangu huo ndio uliokutia wewe mawe mkononi mwaka jana, alipokuja kunijulia hali, ukampasua mdomo mwanamke wa miaka sitini. Nilikuwa dirishani. Nilikuona, na sikupaza sauti.

Basi hii ndiyo kauli yangu, kitindamimba ameiandika nami nimeitia dole gumba: nusu ya bustani, upande wa kisima, ni ya mama yenu mdogo, tangu leo, si mpaka nizikwe. Atakayemnyanyulia mkono asiniite mama, wala asishike jeneza langu. Usinikatize. Unalia nini, mbona ulipokuwa unarusha mawe hukulia? Nipe maji kidogo... basi, yanatosha.

Mungu awape riziki na mikono mipole, ambayo mimi sikuwa nayo. Pendaneni. Kila mmoja amstahi mwenzake hata... hata akiwa na hasira. Hasira ikija, tokeni nje, kaeni mpaka ipite.

Sasa nenda getini, wewe uliyempiga, si mwingine. Akikataa kuingia usimvute, ni haki yake. Lakini kabla hujamwamkia... sogea, sauti inakwisha... kabla hujamwamkia, mwambie dada yake anasema alizikata vizuri.